Kengele ya moshi au mtungi wa kuzimia moto? Ulinganisho kwa anayetaka familia yake itoke hai

Mtu akiamua kuikinga nyumba yake na moto, na fedha alizonazo zinatosha kifaa kimoja tu, mara nyingi hununua mtungi wa kuzimia moto. Ni mwekundu, ni mzito, ukitundikwa ukutani kila mgeni anauona, na mwenye nyumba anajiona ana silaha. Mimi ningemshauri aanze na kengele ya moshi, na mtungi ufuate akipata fedha nyingine. Nitaeleza sababu kwanza, kisha tulinganishe kengele zenyewe, maana zipo za aina mbalimbali na tofauti zake zinaweza kuamua nani anaamka na nani haamki.

Moshi hutangulia moto

Wengi wanaofariki katika moto wa nyumbani huuawa na moshi, na si wachache wanaokufa ndimi za moto zikiwa bado chumba kingine. Moshi hubeba kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoing'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Godoro la sponji na makochi ya kisasa yakiungua hutoa pia gesi ya sianidi. Mtu aliyelala akizivuta hashtuki, bali huzidi kuzama usingizini. Wapo wanaoamini kwamba harufu ya moshi itawaamsha. Imani hiyo ni ya hatari, kwa sababu pua ya mtu aliyelala fofofo haifanyi kazi ya kumlinda.

Muda wa kutoka nao umepungua sana. Underwriters Laboratories, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa vifaa, imewasha moto katika vyumba vyenye samani za zamani na vyenye samani za sasa na kulinganisha. Kwa makadirio yao, miongo kadhaa iliyopita mtu alikuwa na dakika kama 17 za kutoka nyumba ikishika moto. Leo ana dakika 3 au 4. Mbao ngumu na pamba viliungua polepole. Sponji na plastiki huwaka kama mafuta, ambayo kwa hakika ndiyo asili yake.

Sasa uweke mtungi kwenye saa nane usiku. Unahitaji mtu aliye macho, anayeona, anayepumua, aliye karibu na moto ambao bado ni mdogo. Kengele haihitaji lolote kati ya hayo. NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, limekuwa likionyesha katika takwimu zake za miaka mingi kwamba vifo takriban 3 kati ya 5 vya moto wa nyumbani hutokea katika nyumba isiyo na kengele, au yenye kengele isiyofanya kazi.

Moto unaotokea sana na moto unaoua sana

Hapa ndipo uchaguzi wa vifaa unapopotoka. Katika takwimu hizohizo za Marekani, upishi ndio unaoanzisha moto mwingi zaidi majumbani, karibu nusu ya wote. Lakini kwa miaka mingi ni sigara, ambayo huanzisha sehemu ndogo tu ya moto, iliyoongoza kwa vifo. Moto wa jikoni kwa kawaida huwaka mtu akiwa macho na hatua chache kutoka kwenye jiko. Sigara huangukia kati ya mito ya kochi, hufukuta saa moja au mbili bila ndimi, na nyumba nzima imelala.

Kwa hiyo vyumba havihitaji kitu kimoja. Jikoni panahitaji kitu cha kuuzima moto. Sebuleni na vyumba vya kulala vinahitaji kitu cha kuwaamsha watu.

Kengele ya ionaizesheni na kengele ya fotoelektriki

Hizi mbili hufanana kwa nje, duara jeupe la plastiki, na muuzaji asiyejua atakuambia zote ni sawa. Si sawa hata kidogo.

Ya ionaizesheni ina punje ndogo sana ya amerisiamu-241, madini yenye mnururisho, ambayo huifanya hewa iliyo ndani ya kifaa ipitishe umeme kidogo. Moshi ukiingia, umeme ule hupungua na kengele hulia. Inatambua upesi moshi wa chembe ndogondogo, ule wa moto uliokwisha kuwaka kwa ndimi, kama karatasi au pazia. Amerisiamu hiyo haifiki hata mikrogramu moja na imefungiwa, haimdhuru mtu akiwa chini yake. Asiivunje tu wala kuichoma.

Ya fotoelektriki haina mnururisho. Ndani yake kuna kijichumba cheusi chenye mwanga unaopita upande mmoja, na kihisio kilichowekwa pembeni ili kisiuone mwanga huo. Moshi ukiingia hutawanya mwanga, kihisio kinauona, kengele inalia. Hii hutambua mapema moshi mzito wa moto unaofukuta: kochi, godoro, nguo zilizorundikwa juu ya waya uliopata joto.

Taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilizipima zote mbili katika nyumba halisi na kutoa ripoti mwaka 2004. Katika moto wa ndimi, ionaizesheni ilitangulia kwa tofauti ndogo. Katika moto unaofukuta, fotoelektriki ilitangulia kwa tofauti kubwa mno. Kwa maneno mengine, ukichagua fotoelektriki unaweza kupoteza sekunde kadhaa katika aina moja ya moto, na ukichagua ionaizesheni unaweza kupoteza dakika nyingi katika aina nyingine, ile inayowakuta watu usingizini.

Ipo sababu ya pili, na kwangu ina uzito uleule. Ionaizesheni ikiwa karibu na jiko hulia kwa mkate ulioungua kidogo au kitunguu kinachokaangwa. Ikilia mara ya tatu jioni moja, mtu hupanda kiti akaing'oa betri, na hairudishi. Kengele isiyolia kamwe ni mbaya kuliko kutokuwa na kengele, kwa sababu familia inalala ikiitegemea.

Chagua fotoelektriki kama ni moja tu. Zipo pia zenye vihisio vyote viwili ndani ya kifaa kimoja, nazo ni nzuri kama uwezo unaruhusu. Dukani, ligeuze boksi: fotoelektriki huandikwa "photoelectric" au "optical", na ya ionaizesheni huwa na alama ya mnururisho au maandishi "Am-241" mgongoni.

Kengele nyingine zinazochanganywa na hizi

Kengele ya joto haijali moshi. Hulia hewa inayoizunguka ikifikia kiwango fulani cha joto, mara nyingi karibu nyuzijoto 57 za Selsiasi. Inafaa jikoni na gereji, mahali ambapo moshi na vumbi vya kila siku vingeisumbua kengele ya kawaida. Usiitundike chumba cha kulala. Joto likifikia kiwango hicho darini, aliye kitandani ameshavuta moshi mwingi.

Kengele ya kaboni monoksaidi hulinda dhidi ya gesi inayotoka kwenye jenereta, jiko la mkaa au hita ya gesi katika chumba kisicho na hewa ya kutosha. Haikuamshi kwa ajili ya moto, na kengele ya moshi nayo haiigundui gesi hiyo. Anayechoma mkaa au kuwasha jenereta karibu na anapolala anazihitaji zote mbili, ingawa lililo bora ni kuvitoa nje kabisa.

Kitambuzi cha gesi ya kupikia, je? Kinafaa, ila angalia gesi yako. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, hivyo kitambuzi kinakaa chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Gesi asilia inayokuja kwa bomba ni nyepesi na hupanda, hivyo kinakaa karibu na dari. Kikiwekwa kinyume, gesi itajaa nusu ya chumba kikiwa kimya.

Betri ya kubadilisha, betri ya miaka 10, au umeme wa nyumba

Kengele ya betri ya volti 9 ni rahisi kupatikana, lakini betri yake inahitaji kubadilishwa kila mwaka. Udhaifu wake ni binadamu: betri huazimwa kwa kifaa kingine, au huisha na ile milio midogo ya kuomba mpya ikapuuzwa mpaka mtu akakasirika na kuitoa. Yenye betri ya lithiamu iliyofungiwa hudumu takriban miaka 10 na betri haitoki. Kwa familia nyingi ndiyo chaguo langu, kwa sababu tu haimpi mtu nafasi ya kuizima kwa hasira.

Zinazotumia umeme wa nyumba ni imara zaidi mradi ziwe na betri ya akiba, kwani umeme unaweza kukatika kabla au kwa sababu ya moto huohuo. Faida yake kubwa ni kuunganishwa: moja ikinusa moshi sebuleni, zote hulia mpaka chumba cha mwisho. Siku hizi zipo za betri zinazowasiliana bila waya kwa namna hiyo. Katika nyumba ya ghorofa au yenye vyumba vingi, ningeweka fedha kwenye kuunganisha kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa kengele inayolia chini haimwamshi aliye juu nyuma ya mlango uliofungwa.

Iweke darini au juu kabisa ya ukuta, ndani ya kila chumba cha kulala, kwenye korido iliyo nje yake, na kila ghorofa. Mita 3 kutoka kwenye jiko. Ibonyeze kuijaribu kila mwezi. Ikitimiza miaka 10 tangu tarehe iliyochapwa nyuma yake, itupe hata kama bado inalia, kwa sababu kitufe hupima betri na mlio zaidi ya kinavyopima uwezo wa kunusa moshi.

Jambo moja linaloumiza kulifikiria: watoto wadogo mara nyingi hawaamshwi na mlio mwembamba wa juu wa kengele za kawaida. Utafiti umeonyesha kwamba mlio mzito wa hezi 520 huwaamsha vizuri zaidi wao, wazee na wenye usikivu hafifu, na kengele zenye mlio huo zipo. Usipoipata, amueni mapema ni mtu mzima yupi anayemwendea mtoto yupi. Kwa asiyesikia kabisa, ziko kengele za kumulika taa kali na za kutikisa mto.

Sasa mtungi

Kengele ikishatundikwa, mtungi una nafasi yake. Kosa ni kununua "mtungi wa moto" kana kwamba moto ni wa namna moja.

| Kinachoungua | Kinachofaa | Kisichofaa |
|---|---|---|
| Mbao, karatasi, nguo, godoro | Maji, povu, unga mkavu wa ABC | Kaboni dayoksaidi: haipozi, moto hurudi |
| Petroli, mafuta ya taa, rangi | Povu, unga, kaboni dayoksaidi | Maji: hutawanya moto |
| Mafuta ya kupikia | Mfuniko, blanketi la moto, mtungi wa jikoni wa kemikali ya maji ("wet chemical") | Maji. Pia mpulizo mkali wa unga au kaboni dayoksaidi, unaoweza kurusha mafuta |
| Kifaa chenye umeme | Kaboni dayoksaidi, unga | Maji, kabla umeme haujakatwa |
| Gesi inayovuja | Kufunga valvu ikiwa inafikika | Kuzima ndimi huku gesi ikiendelea kutoka |

Herufi zilizoandikwa kwenye mtungi zisikuchanganye. Ulaya moto wa mafuta ya kupikia ni daraja F, Marekani ni K. Herufi C huko Ulaya ni gesi, Marekani ni umeme. Soma picha zilizochorwa kando ya herufi.

Kwa nyumba, unga wa ABC ndio unaofanya kazi nyingi, na hivyo ndio unaopendekezwa mno. Lakini mjue ubaya wake: ukipulizwa ndani ya chumba kidogo huleta wingu linalokuzuia kuona mlango, na husumbua kifua. Mtungi mdogo wa kilo 1 huisha kwa sekunde kama 10. Hizo ndizo sekunde zote ulizonazo. Povu halina wingu hilo na hupoza, kwa hiyo kwa sebule na vyumba ningelipendelea.

Namna ya kutumia ni moja: vuta pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto badala ya ndimi, bana, fagia kushoto na kulia. Fanya hivyo endapo tu moto haujazidi ukubwa wa ndoo ya takataka, wengine wameshatoka, na mlango uko nyuma ya mgongo wako. Moshi ukianza kushuka kutoka darini, acha mtungi utoke. Na mtungi ukae karibu na mlango wa kutokea. Ukiwa kando ya jiko utalazimika kuupita moto ili kuuchukua.

Betri ya lithiamu ya pikipiki au skuta ya umeme ikianza kutoa moshi na kufoka, hakuna mtungi wa nyumbani wa kuutegemea. Toka, funga mlango, waite zimamoto. Kwa sababu hiyo usiichajie koridoni au mlangoni, ambako ndiko njia yenu ya kutokea, wala usiku mkiwa mmelala.

Mfuniko, blanketi au mtungi kwa sufuria inayowaka

Nalitenga jambo hili kwa sababu maji yameunguza watu wengi mno jikoni. Mafuta yanayowaka yana joto kupita nyuzi 300. Maji ukiyamwaga huzama chini yake, hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji huwa takriban lita 1,700 za mvuke. Mvuke huo huyarusha mafuta hewani yakiwa matone, na kila tone linawaka. Moto uliokuwa ndani ya sufuria unafika darini.

Mfuniko ndio chaguo la kwanza, tena upo tayari nyumbani. Zima jiko kama kitufe hakiko nyuma ya moto, telezesha mfuniko kutoka upande wako kwenda mbele ili ukukinge, kisha usiufunue. Uache mpaka sufuria ipoe kabisa. Wanaofunua baada ya dakika mbili kuchungulia huwapa mafuta oksijeni na moto unarudi. Usiibebe sufuria inayowaka kuitoa nje.

Blanketi la moto linafaa pale mfuniko haupo au haulingani, na lina kazi nyingine ambayo mfuniko hauiwezi: kumfunika mtu ambaye nguo zake zimeshika moto. Likunje juu ya mikono yako unapolishika. Kwa jiko la kawaida ningenunua blanketi kabla ya mtungi. Mtungi wa kemikali ya maji ni mzuri kuliko vyote kwa mafuta mengi, lakini ni wa anayekaanga kwenye karai kubwa kila siku.

Mlango wazi na mlango uliofungwa usiku

Hili halina gharama. Katika majaribio ya Underwriters Laboratories, chumba kilichoachwa na mlango wazi kilipita nyuzi 500 za Selsiasi, na chumba jirani kilichofungwa kilibaki chini ya 40. Kaboni monoksaidi ilifika sehemu 10,000 kwa milioni katika kile cha wazi na takriban 100 katika kile kilichofungwa. Kiwango cha kwanza humuua mtu kwa dakika chache.

Wazazi huacha mlango wazi ili wamsikie mtoto, nami naielewa hofu yao. Kengele zilizounganishwa huiondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo, kwani moshi ukianza popote mtasikia wote. Bila kengele zilizounganishwa bado ningefunga.

Mwali, mafuta na umeme

Taa ya LED ya kuchaji dhidi ya mshumaa au kibatari: hapa hakuna la kupima, chagua LED. Jiko la mafuta ya taa linahitaji tahadhari moja zaidi ya zile zinazojulikana. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli kidogo tu hulipuka. Usijaze jiko likiwa linawaka au lingali la moto.

Kwenye umeme, watu hudhani sakiti breka hulinda dhidi ya kila kitu. Hukata mkondo unapozidi, basi. Kifaa cha RCD hukata umeme unapovuja kwenda ardhini, na kile cha miliampea 30 huokoa mtu anayepigwa shoti. Kikata cheche hugundua waya uliolegea unaotoa cheche ukutani, chanzo ambacho viwili vya kwanza huweza kukikosa. Kwa nyumba yenye nyaya za zamani ningemlipa fundi akaze na kubadilisha miunganiko kabla ya kununua chochote kati ya hivi. Na fyuzi inayokatika kila mara isibadilishwe kwa kubwa zaidi, maana ilikuwa ikikueleza tatizo.

Nondo za kudumu au nondo zinazofunguka

Nondo zilizochomelewa madirishani humzuia mwizi kwa uhakika, na kwa uhakika uleule humzuia mtoto kutoka. Nondo zenye bawaba na komeo la ndani hugharimu zaidi na fundi atakuambia si imara kama zile. Weka angalau dirisha moja linalofunguka katika kila chumba cha kulala, hata kama mengine yote yatabaki ya kudumu. Komeo la kufungua kwa mkono ni bora kuliko kufuli. Ikilazimu kufuli, ufunguo utundikwe ukutani mahali pamoja daima, mwizi aliye nje asipofika kwa mkono ila mtoto aliye ndani afike. Mlango mkuu nao usiwe wa kuhitaji ufunguo uliofichwa ili kutoka.

Kisha zima taa, kila mmoja ajaribu kufungua dirisha lake gizani kwa kupapasa. Anayeshindwa, abadilishiwe komeo au ahamishwe chumba.